Fainali ya Bakuli katika Malisho ya Mzee Ambani

Mwalimu Brenda, aliyerithi filimbi yangu, ameniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi ya mwalimu wa michezo katika chuo kidogo cha mashambani. Nilimwambia sina mengi. Akanijibu kwamba hayo machache niyaandike kabla sijayasahau. Hapo alinipata, maana siku hizi huingia jikoni nikasimama nikijiuliza nimefuata nini. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo waulizeni wenye ofisi. Mimi nitaeleza habari za uwanja, wageni, na ile fainali yetu ya raga, tangu ilipoanza hadi ilipotutoka mikononi.

Niliajiriwa katika chuo cha ufundi karibu na Chekalini kufundisha kuchomelea vyuma. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya ambayo mke wangu alikuwa ameipiga pasi hadi mikunjo ikasimama yenyewe, na mkuu wa chuo akanikabidhi mpira. Mpira wenyewe ulikuwa na umbo la papai. Nikadhani umeharibika. "Mwalimu Makokha atakueleza," akasema, akarudia chai yake. Kuchomelea nilifundisha pia, lakini watu wakinikumbuka leo hunikumbuka kwa lile papai.

Makokha ndiye aliyekuwa mwalimu wa michezo kabla yangu. Alikuwa mwembamba, mchechemeaji, na maneno aliyatoa kwa kipimo kama mtu anayegawa chumvi. Asubuhi ya mechi yangu ya kwanza aliniambia, "Vua viatu." Tukatembea uwanja mzima miguu mitupu, yeye upande wake na mimi upande wangu, nyasi zikiwa na umande. Nyayo zangu zikapata mwiba, zikapata kipande cha chupa, kisha mguu ukazama hadi kifundoni ndani ya shimo la fuko.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Mwalimu."

"Hujaona. Umekanyaga. Macho ni ya kwenda nayo sokoni. Uwanja unasomwanga na miguu."

Brenda, hilo la kwanza. La pili ni mistari. Usichore mistari kwa chokaa ya ujenzi hata ukipewa bure. Chuo kimoja cha jirani walifanya hivyo, mvua ikanyesha, na wachezaji wakarudi nyumbani wamebabuka mapaja na viwiko. Tumia majivu ya jiko la chuo, yachekeche, yaloweshe kidogo yasipeperuke. Mpishi umsalimie vizuri ili akuwekee. Nguzo ziwe za mkaratusi uliokauka na kuambuliwa maganda, na sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu ya injini, la sivyo mchwa watamaliza msimu kabla yako. Ule mti unaolazwa kati ya nguzo mbili nilikuwa nikiushikilia kwa vishikio vya chuma nilivyochomelea mwenyewe. Chini ya nguzo tulifunga magunia yaliyojaa majani makavu ya migomba, maana vijana huja mbio wakisahau kwamba nguzo haihami.

Sasa uwanja wenyewe. Chuo hakikuwa na uwanja. Tulichezea malisho ya Mzee Ambani, ng'ambo ya barabara. Mzee alikuwa mtu wa Shinyalu, aliyekuja na wale wa kwanza waliogawiwa shamba la mzungu, na sehemu iliyomwangukia ndiyo iliyokuwa ya ng'ombe wa maziwa: pana, tambarare, yenye nyasi fupi. Majirani zake walipanda mahindi hadi mlangoni pa choo. Yeye upande ule aliuacha nyasi. Watu walimcheka, wakasema mzee amepewa ardhi akaifanya zulia.

Kwao Shinyalu walikuwa wafugaji wa mafahali wa kupigana, na huku kwetu Lugari hakukuwa na fahali wa kumtoa mtu nyumbani. Siku alipoona vijana wetu wamefungamana kwenye skramu, vichwa chini, wakisukumana na kukoroma, alisimama kwenye ua wake akapiga kelele za furaha. Alituita, Makokha na mimi, akatukaribisha maziwa lala pale langoni. Mkewe, Mama Rasoa, ndiye aliyeleta vikombe. Majirani wachache walikuwa wameegemea ua.

"Chezeni hapa," Mzee akasema. "Mkitafuta pengine mtakuwa mmenitukana. Nikiwa hai mcheze, na nikifa mcheze."

Makokha akashukuru, nami nikashukuru, tukanywa maziwa. Hakuna aliyefikiria kuleta karatasi. Ungeanzaje kumwambia mzee wa watu, langoni kwake, akiwa amekushikia kikombe, kwamba neno lake halitoshi?

Fainali ilianza kwa maneno ya kijana Mwamerika aliyekuja kujitolea kwa mwaka mmoja. Alifundisha kompyuta siku umeme ulipokuwepo, na siku nyingine alikaa nasi uwanjani. Alituambia kwamba kwao wana mpira wao wa kubeba mikononi, unaofanana na raga ila wanavaa kofia ngumu. Vyuo vidogo visivyojulikana na mtu humalizia msimu katika kijiji fulani, kijiji kizima kikawapokea na kuwapikia, na mchezo huo huitwa bakuli.

Mama Rasoa akauliza, "Hiyo bakuli inakuwanga na nini ndani?"

Kijana akasema haina kitu, ni jina tu. Mama Rasoa alimtazama kwa huruma, nadhani akiwafikiria watu wa kwao. Msimu uliofuata vyuo viwili vilipokutana kwetu kucheza mechi ya mwisho, alikuja na bakuli la mbao pana kama beseni, limejaa ingokho, kuku wa mchuzi, akaliweka mezani kwa mshindi. Kikombe cha bati tulichonunua kikasukumwa kando. Tangu hapo ikawa Fainali ya Bakuli. Timu kubwa zilikuwa na uwanja wa mjini na majukwaa yake. Hizi ndogo, zisizoalikwa popote, zilikuwa na Chekalini. Mara nyingi chuo chetu hakikufika hata nusu fainali. Kazi yetu ilikuwa kuandaa.

Wageni hawakulala chuoni. Walilala majumbani, wawili hapa, watatu pale, kuanzia Alhamisi. Na mgeni akishalala kwako na kula kwako, ni mtoto wako. Hayo hayakuhitaji kutangazwa. Matokeo yake ni kwamba Jumamosi kila mama alishangilia walioamka nyumbani kwake, chuo chake kiwe chochote. Mwaka mmoja mama mmoja alipewa wawili wa timu zilizopingana. Asubuhi aliwakalisha mbele ya sahani moja, akawaonya wasiumizane. Wakamtii. Mchana kila mmoja alipomwona mwenzake na mpira alimpisha kwa adabu, hadi refa akasimamisha mchezo akauliza kama amekuja kwenye raga au kwenye harusi.

Chakula nacho kilikuwa vita. Vijana walilishwa obusuma, ule ugali wetu, na kuku asubuhi ya mechi hadi wakashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Makokha alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba wapewe uji na ndizi tu. Mama Rasoa alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwarimu, mtoto atoke kwangu na njaa, aende kuumizwa?"

Makokha alirudi akatangaza kwamba kuanzia sasa fainali itaanza alasiri. Ndiyo sababu ya saa ile, Brenda. Si jua, kama walivyoandika kwenye ratiba.

Kuumizwa kulikuwepo kweli. Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya kijana wa mbali aliyeangushwa kwa kichwa akabaki amelala, mikono imetulia vibaya. Mama Jentrix, aliyemlaza nyumbani kwake, aliruka kamba ya kuzuia watazamaji akaja mbio na leso mkononi amwinue. Makokha alikuwa ameshapiga magoti, amekibana kichwa cha kijana katikati ya mapaja yake, haangalii mtu. "Mzuie mama," akaniambia. Nikamkumbatia Mama Jentrix kwa nguvu zangu zote. Alinipiga, akaniuma kwenye bega.

"Niache! Ni mtoto wangu!"

Alikuwa amemjua tangu Alhamisi. Tukangoja, hadi kidole cha mguu kikatikisika, na cha pili. Mzee Ambani aling'oa mlango wa ghala lake, tukamlaza kijana juu yake, tukambeba hivyo hadi kwenye gari. Alipona. Brenda, hakuna kumwinua mtu kabla ya kuona vidole vya miguu, hata mama yake mzazi akikuuma. Kovu ninalo.

Makokha alistaafu, akakaa muda mfupi, akafariki. Nikabaki peke yangu na uwanja. Kuna watu hudhani kazi ya michezo ni kucheza. Kila mwaka ni kuomba: kuomba basi, kuomba sufuria, kuomba walimu wenzako waachilie vijana. Chama cha michezo ya vyuo kilikuwa kimeanza kuchoka na vumbi letu. Walitaka fainali iende mjini, kwenye uwanja wenye vyoo na viti. Kila mwaka niliwajibu kwamba tuna uwanja, tuna wenyeji, na hatujawahi kukosa kucheza. Wakasema sawa, siku mtakapokosa, inaondoka. Nikaanza kulala vibaya kuanzia Januari.

Na nyumbani kwa Mzee Ambani nako kulikuwa na neno. Kijana wake wa pekee, Wycliffe, nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimfundisha kuchomelea na nilimfundisha raga, akawa kapteni, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kupata mwingine kama yeye. Alimaliza chuo, akafungua karakana ya kutengeneza milango kule Mautuma, akaoa, akapata watoto wa kiume wakafuatana. Milango haikununuliwa sana. Alimwomba babake amruhusu kulima yale malisho. Mzee akakataa. Akaomba tena, akakataliwa mbele ya watu. Alipokutana nami barabarani bado alinisalimia kwa heshima, ila mkono aliutoa upesi kuliko zamani. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua: siku Mzee akiondoka, uwanja ule utabaki unaning'inia kwenye neno la langoni.

Mzee aliondoka katika mwaka wangu wa mwisho kazini, wiki ya fainali, siku ya Jumatano. Alilala tu mchana baada ya chakula, hakuamka. Kesho yake wageni wakaanza kushuka na mifuko yao, wakakuta vilio.

Kwetu mtu akiwa hajazikwa, jembe haliingii ardhini katika boma lake, na anayerusha mpira hapo ni mwendawazimu. Nikawaza kumpigia simu mtu wa chama. Nilijua jibu lake. Nilikaa kwenye benchi la karakana ya chuo, filimbi shingoni, nikahisi uchovu wa miaka yote umenikalia pamoja. Nilikuwa nimempenda mzee yule. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nikihesabu kichwani wapi pengine pana nafasi ya nguzo mbili.

Ijumaa wazee walikaa. Niliitwa, nikasema fainali imekufa, tumwombolezee mzee wetu, vijana warudi makwao. Mzee wa kanisa akaitikia amina. Ndipo Mama Rasoa akasema kutoka alikokaa chini, miguu imenyooshwa.

"Kwetu Shinyalu mzee kama huyu akikufa, mafahali yanaletwanga. Yanapiga kerere, yanakanyaga mpaka kaburi. Wataona kuna mwanaume amezikwa. Hapa nitatoa wapi fahali?" Akajipangusa uso. "Hao wa Mwarimu wako hapa. Na washakula kwangu."

Mzee wa kanisa alikohoa. Akasema huo ni ushenzi wa zamani. Mama Rasoa akamuuliza kama yeye ndiye aliyezaa na Mzee Ambani au ni nani. Baada ya hapo tulipanga saa: maziko asubuhi, mchezo alasiri.

Tulimzika Jumamosi, upande wa nyumba, mahali ambapo uwanja ulionekana wote. Ngoma za isukuti zililia. Baada ya udongo kurudishwa timu zote mbili zilikuja zikiwa zimeshavaa jezi, zikaingia zikiimba, zikazunguka kaburi na viatu vyao vya njumu, mbio, bega kwa bega, vumbi likapanda hadi hatuonani. Wajane wa jirani walipiga vigelegele huku wakilia. Mimi nililia pia, waziwazi, na sikutafuta pa kujificha.

Mechi yenyewe haikuwa nzuri. Mpira uliwaponyoka, miguu ilikuwa mizito, na kina mama hawakujua washangilie au waomboleze, wakafanya yote kwa pamoja. Mama Rasoa alikaa kwenye kiti karibu na mstari. Kila skramu ilipofungwa aliinua mkono juu. Bakuli alilijaza mwenyewe, na aliyeshinda alikula na aliyeshindwa. Mtu wa chama alipeana mikono akasema ameona jambo ambalo hajawahi kuliona. Nikajiambia, labda tumepona.

Kwetu siku ya tatu baada ya maziko ni ya kunyoa nywele. Familia hunyolewa, kisha mzee anayeongoza huwaita watu: aliyeahidiwa jambo na marehemu alisimamie mbele ya wote, asiliseme baadaye sokoni. Boma lilijaa. Nikasimama. Nikaeleza maneno ya langoni jinsi yalivyosemwa, nikasema kuwa sidai ardhi, nadai nyasi tu.

Wycliffe aliinuka, kichwa kimetoka kunyolewa, kinang'aa kama cha mtoto. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, wewe ni baba yangu pia. Nauliza tu. Nani mwingine alisikia?"

Makokha alikuwa kaburini. Niliwatazama majirani, wale wale walioegemea ua siku ile. Nilimtazama Mama Jentrix. Kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake. Sikuwachukia. Kila mmoja wao alikuwa na vijana nyumbani wanaongoja kipande, na kusimama pale kungekuwa kuwaambia watoto wao kwamba ardhi hutoka kwa neno na kikombe cha maziwa.

Hatimaye Mama Rasoa akasema.

"Mimi nirisikia. Nirikuwa nimebeba vikombe." Watu wakainua vichwa. "Mwarimu hadanganyi. Alisema, tena alisema kwa nguvu. Lakini wakati huo alikuwanga na mtoto mmoja hapa anakula. Saa hii ni wengi. Nikirara, nasikia maneno ya mzee, na hawa wajukuu nawasikia pia wakililia obusuma. Sasa, Mwarimu wangu, ungekuwa mimi ungesikia nani?"

Nikakaa. Mzee aliyeongoza akauliza kama kuna mwingine mwenye neno, na mtu akazungumzia mbuzi.

Wycliffe alinifuata chuoni wiki hiyo hiyo. Trekta ilikuwa imeshaitwa, mvua zilikuwa karibu. Alisimama mlangoni mwa karakana, mahali alipokuwa akisimama zamani alipochelewa darasani.

"Mwalimu, hizo nguzo sitaki dereva azigonge na trekta. Nimeona niwaite nyinyi kwanza."

"Umefanya vizuri."

"Kama ningekuwa na njia ingine, ningewaachia. Si ati nawachukia. Raga ilinilea."

"Najua, mwanangu."

"Lakini hainilishi."

Tukaenda pamoja. Alikuja na jembe na kamba. Vishikio vya chuma vilikuwa vimeshika kutu, na ni yeye aliyepanda kuvifungua, maana magoti yangu hayapandi tena. Tulichimba, tukazitikisa, tukazilaza nguzo moja baada ya nyingine. Sehemu za chini zilikuwa nzima kabisa, mchwa hawakugusa. "Oili chafu," Wycliffe akasema, na nikasema ndiyo. Tulipomaliza aliniomba ruhusa azitumie kwa paa la ghala. Nikamwambia ni zake. Trekta ilikuja kesho yake. Nilisikia mngurumo nikiwa darasani, nikaendelea kueleza namna ya kushika fimbo ya kuchomelea, na wanafunzi wakajifanya hawanioni.

Fainali sasa iko mjini. Brenda ananiambia vyoo ni safi, na vijana hulala kwenye bweni la shule moja na kupewa chapati kwenye mifuko. Nilikwenda kuitazama mara moja. Walicheza vizuri kuliko sisi. Hakuna mama aliyeruka kamba.

Mimi nilistaafu mahindi yakiwa yamefika magotini. Ilipofika Agosti, Wycliffe alinitumia gunia la mahindi mabichi kutoka pale, la kwanza kabla hajauza hata moja, na mtoto wake mkubwa akaja nalo kwenye pikipiki. Ardhi ile ililala miaka mingi ikipata samadi ya ng'ombe, kwa hiyo haikushangaza kwamba yalikubali hivyo, marefu, yamejaa punje hadi nchani. Mke wangu alichemsha sufuria. Nilikula moja, nikala la pili. Nilitaka sana yawe mabaya. Yalikuwa matamu, na nikaomba la tatu.